Sufuria Ndani ya Blanketi

9 Machi

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeinua miguu juu ya kiti kama daktari alivyokuagiza, ingawa nakujua: umeiinua dakika mbili, kisha ukaenda kukagua sufuria. Bado wanakuita Mama Kipimajoto huko kantini ya kiwandani? Mimi sijambo. Kazi ipo, wiki hii tumejalidi vitabu vya shule mpaka nanuka gundi hata nikioga. Simu sikupigii tena maana hupokei.

Nyumba ya mama natakiwa niirudishe kwa mwenyewe tarehe 30 Juni. Vitu vinapungua. Kitu kikubwa kilichobaki ni friza, nayo imeshapata mtu, atakuja kuibeba siku hiyohiyo.

Sasa shida yangu. Nina miaka ishirini na tisa na sijui kupika. Mama alikuwa akinipikia, ananifungia, nabeba. Juzi nimeunguza mayai ya kuchemsha, na usiniulize yanaunguaje. Naomba mapishi, Mama Mdogo. Mepesi, ya sufuria moja, na yawe yanakaa, nikipika Jumapili nile kiporo mpaka Jumatano. Wewe unalisha watu mia mbili kwa siku, mtu mmoja hawezi kukushinda.

Na jingine. Desemba, mama alipoona hali yake haina matumaini, alipika mwezi mzima akiwa amekaa kwenye kigoda, miguu haimchukui tena. Friza ikajaa makopo. Unaijua tabia yake, juu ya mfuniko haandiki chakula, anaandika mlaji, kwenye kipande cha plasta ya hospitali. Mengi yameandikwa "Mwanangu" na nakaribia kuyamaliza. Moja liliandikwa "Jirani wa juu". Nimempelekea, mama wa watu akalia palepale mlangoni. Na moja limeandikwa "Mdogo wangu".

Hilo ni lako. Pia kuna maneno aliyoniachia nikupe, akaniapisha niyaseme uso kwa uso. Njoo uchukue kopo na maneno kabla friza haijaondoka.

Mwanao


20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ipo, imevimba kama kawaida yake, tumezoeana. Jina ni lilelile. Juzi msimamizi mpya ameniuliza kwa nini natumbukiza kipimajoto kwenye maharage kama mtu anayeyapima homa. Nikamwambia nayapima homa kweli, na wewe ukizidi kusogea nitakupima. Alirudi ofisini kwake mbio.

Mayai yako hayana siri yoyote. Maji yalikauka na wewe ulikuwa kwenye simu.

Haya, chukua kalamu. Supu ya dengu. Dengu kikombe kimoja, osha mpaka maji yawe meupe. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta kidogo, moto mdogo, usikiharakishe, kikishaanza kuwa na rangi tia vitunguu saumu viwili vilivyopondwa, karoti moja na nyanya mbili. Nyanya zikishalainika, tia dengu na vikombe vitano vya maji. Nusu saa. Chumvi mwishoni, na ndimu ukishaepua. Hata wewe huwezi kuiharibu. Pika inayokutosha, ile yote siku hiyohiyo, na itakayobaki mwaga.

Kuhusu safari, mwezi huu kiwanda kina wageni na jikoni tuko wachache. Siwezi. Hilo kopo mpe jirani, ameshaonyesha kwamba anathamini.

Vaa sweta. Wewe ni mtu wa kifua.

Mama yako mdogo


2 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Kifua kizima, sweta ninayo. Supu nimepika mara tatu na mara zote imekuwa supu, nikapiga kelele ya furaha peke yangu jikoni. Kazini nimeipeleka, fundi mkuu akaniuliza nimeolewa lini.

Lakini jamani! Nakuomba mapishi ya kiporo unaniambia mwaga? Hiyo ni sawa na mtu kukuomba njia ukamwambia usiende. Supu yenyewe siku ya pili ilikuwa tamu kuliko ya kwanza. Sikumwaga. Nishtaki.

Kopo lako sitampa jirani. Limeandikwa jina, na mlaji wake yuko hai.

Nikiwa napekua chini kabisa ya friza nimekuta kopo jingine, dogo, la ukubwa wa kikombe. Halina jina. Plasta imebandikwa ila haijaandikwa kitu, na juu yake kimefungwa kijiko kidogo cha bati kwa uzi, cha kitoto, kimepinda shingo. Mimi sijawahi kuwa na kijiko cha namna hiyo. Ni cha nani? Wewe ulikaa na mama kabla sijazaliwa, labda unajua.

Halafu usinicheke. Tangu nilitoe na kulirudisha, mchana nikiwa na sufuria jikoni nasikia kitu kikigonga mfuniko. Mara tatu, kinapumzika, mara mbili. Nimejiambia ni friza inatetemesha makopo. Nimeichomoa kwenye umeme dakika tano nijaribu. Kikagonga.

Nijibu upesi, na uniletee pishi la nyama.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hapa hatujambo. Mvua imeanza, paa la stoo linavuja, tumehamisha magunia ya mchele yote kwa mikono.

Nyama. Nusu kilo ya ng'ombe, katakata. Ikaange na chumvi yake mpaka maji yake yaishe na ianze kushika sufuria, hapo ndipo tia kitunguu. Nyanya tatu, pilipili manga, maji ya kufunika, moto wa chini saa moja na nusu. Viazi vinne mwishoni.

Na kwa kuwa ni mbishi kama mama yako na kiporo utakila, basi nisikilize, na hapa sitanii. Ukishaepua, usiache chakula ndani ya sufuria. Kitandaze kwenye sinia, kando ya dirisha. Kipepee. Ndani ya saa moja kiwe kimepoa na kimeingia friji. Ukikipasha, kichemke kabisa, siyo kuondoa baridi. Wali ndio mbaya kuliko vyote, hata siku moja usiuache na uvuguvugu. Na usifunike chakula kwa blanketi. Usiniulize ni nani anayefunika chakula kwa blanketi.

Hilo kopo dogo liache lilipo. Usilifungue wala usilitupe.

Nina kazi.

Mama yako mdogo


19 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Huku wazima.

Leo sitakuuliza habari za miguu. Nimekuuliza kijiko ni cha nani, umenijibu paa linavuja. Nimekuambia nasikia kitu kikigonga, hukusema hata "pole". Mtu asiyejua angesema pole.

Mama alipokuwa kitandani alikuulizia kila gari liliposimama nje. Siku ya mazishi niliwaambia watu wasubiri kidogo, mama yangu mdogo yuko njiani, na nilijua ninasema uongo. Nilikuwekea kiti pembeni yangu. Kilikaa kitupu mpaka watu wakaanza kuweka makoti juu yake. Hilo limeniuma, na sijakwambia mpaka leo kwa sababu nilikuwa naogopa ukikasirika nitabaki sina mtu kabisa.

Dada yako alikukosea nini? Kiporo kimekukosea nini? Hiyo sinia yako kando ya dirisha naijua. Mama alifanya vilevile kila siku ya maisha yangu, akipepea wali kwa mfuniko, na mimi nikidhani ni maringo ya jikoni. Desemba alipepea amekaa kwenye kigoda mpaka mkono ukamtetemeka, akaniita mara tatu niuguse. "Umepoa? Umepoa kweli?" Kwa nini nyinyi wawili mnauogopa wali?

Kimegonga na leo, wakati naandika.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako imekaa chini ya kipimajoto wiki sita. Nimeandika majibu manne, yote nimewashia jiko. Hili likinishinda nalo litakwenda hukohuko, kwa hiyo naandika bila kurudia kusoma.

Kijiko ni mtu. Ndivyo tulivyomwita. Alikuwa kaka yako, mtoto wa kwanza wa mama yako, na alikufa akiwa na miaka mitatu, wewe hujazaliwa bado. Pole, mwanangu. Hiyo pole ilitakiwa ifike mapema.

Alikuwa haendi popote bila hicho kijiko. Akisikia sufuria imeanza kuchemka anakuja kugonga mfuniko. Mara tatu, anapumzika kusikiliza kama unampakulia, mara mbili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeletwa kumshika. Mama yako alikuwa dobi wa hospitali, zamu zake hazina kichwa wala miguu. Tukawa na mtindo wetu: chakula cha mtu wa zamu hakiachwi kipoe. Unaifunga sufuria blanketi, unailaza kitandani kama mgonjwa, mwenyewe akirudi anakuta moto. Tuliita kulaza sufuria. Tulijiona wajanja kweli.

Jumatatu mchana nilipika wali, nikailaza sufuria. Jioni nilikwenda darasa la ushonaji, niliporudi nikapitiliza kulala. Jumanne mchana, dada yuko kazini, nikaikuta sufuria bado iko ndani ya blanketi. Wali una uvuguvugu, hauna harufu yoyote. Nikajisemea mimi hovyo, nimesahau kuutoa, na dada hata hakula. Mtoto anagonga mfuniko. Nikampakulia.

Jioni akaanza kutapika. Jumatano asubuhi hatukuwa naye. Daktari alisema ni wali uliokaa na joto muda mrefu.

Kwenye matanga akina mama waliuliza nani alipika. Nikasema mimi. Nani aliufunika? Nikasema mimi. Mama yako alikuwa kimya. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine, na bora angenipiga. Baada ya wiki mbili nikaondoka. Ningekuja vipi kumzika na wewe, na watu walewale wananitazama mikono?

Miaka thelathini na moja sijala kiporo. Kwangu hakuna chakula kinacholala. Na kila nikipika mchana nyumbani, nasikia kijiko. Kantini haji, ni nyumbani tu. Nilidhani ni mimi peke yangu. Uliponiandikia kwamba hata wewe unamsikia, nilikaa chini sakafuni.

Hilo kopo la "Mdogo wangu" naliogopa. Nina hakika ni wali. Naogopa dada ameandika jina langu juu ya wali ili nijue kwamba hakusahau.

Mama yako mdogo


6 Juni

Mama Mdogo wangu mpenzi,

Shikamoo, na pole. Pole ya miaka thelathini na moja, kama inaandikika.

Nimesoma barua yako nimekaa kwenye kigoda chake. Nimelia kwa ajili ya kaka ambaye sikumjua, kisha nimelia kwa ajili yangu, kwa sababu nina kosa. Maneno ya mama niliyafanya chambo. Nilikuwa na hasira na wewe, nikasema asipokuja basi asiyasikie. Sikujua nimeshika nini mkononi. Leo nayaandika, na mama anisamehe kiapo.

Siku tatu kabla ya kufa alinishika mkono akasema hivi, na sijaongeza neno:

"Mwambie mdogo wangu, sufuria niliifunika mimi. Nilirudi Jumatatu jioni, nikala vijiko viwili tu, nimechoka hoi. Nikairudishia blanketi badala ya kuutoa wali. Yeye hakusahau kitu. Watu walipouliza nikanyamaza. Mwambie uso kwa uso."

Mimi nilidhani ni homa. Nikamjibu, "Sawa mama, sufuria imefunikwa, sasa lala." Fikiria. Ndivyo nilivyomjibu.

Kopo lako nimelitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ni wali, kweli. Ni ule niliokuambia, aliopepea mpaka mkono ukatetemeka.

Friza inaondoka tarehe 30. Sikuvuti tena. Nakueleza tarehe tu.

Mwanao


10 Juni

Mwanangu,

Nimesoma.

Alijua. Kwenye matanga tulikaa mkeka mmoja, goti lake limegusa goti langu. Nilipojibu "mimi" mara ya pili, goti lilitetemeka, nami nikadhani ni uchungu wa mtoto. Alijua, akaniacha nibebe, na akaniacha niende. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Leo nimeunguza maharage ya watu mia mbili. Wamekula mkate.

Usilipashe hilo kopo, na usinisubiri kituoni. Sijui kama nakuja.

Mama yako mdogo


4 Julai

Mwanangu,

Hujambo, na mikono yako haijambo baada ya kubeba friza ile ngazi zote? Nilifika salama huku kwangu. Dereva alipiga soga njia nzima, na wanawake wa kantini wamenipokea kama natoka vitani. Kigoda kimefika pia, mguu mmoja umelegea, nitaupigia msumari.

Nimeshukuru hukuniuliza chochote nilipobisha hodi, umebakiwa na siku moja, nyumba tupu, na mimi sina hata maneno ya salamu. Uliweka maji motoni, basi. Umekua.

Najua uliona nilikula nimesimama. Nilikusudia. Sikutaka kumpa dada heshima ya kukaa. Ule wali nilikuwa nimeujia kwa hasira, na kijiko cha kwanza na cha pili nilivila kwa hasira. Cha tatu ndicho kilichoniketisha. Ulikuwa wali mzuri, mwanangu. Punje moja moja, umepoa ulivyotakiwa na umechemka ulivyotakiwa. Mtu anayekufa, hawezi hata kusimama, amekaa akipepea ili safari hii usinidhuru. Sijamsamehe yote. Labda nimemsamehe sehemu aliyoipika.

Wali wa lile kopo dogo naona tulifanya vyema kuumwaga chini ya ukuta wa nyuma, ndege wakala. Kijiko kiko kwenye droo yangu.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonikalisha kuandika. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nimepika wali vikombe viwili, mimi peke yangu, sijui nilikuwa nawaza nini. Nimekula, umebaki mwingi. Nimeubeba kuumwaga kama siku zote, nimefika mlangoni, nikarudi. Nimeutandaza kwenye sinia. Nimevuta kigoda cha dada kando ya dirisha, nikakaa, nikaanza kuupepea kwa mfuniko. Kopo la kuutia nimelisafisha, plasta nimeipata kwenye sanduku la dawa, nimeandika "Mwanangu". Ni lako. Jumamosi panda gari uje ulichukue, na ulete zile sahani mbili za dada ulizonipa, kisha ukajifanya umezisahau kwenye mzigo wako.

Nikiwa napepea, akaja. Mara tatu, akapumzika, mara mbili. Miaka yote nikimsikia hujibanza ukutani nikaziba masikio. Leo nimeugusa wali kwa kiganja, bado ulikuwa na joto katikati. Nikamjibu kwa sauti, kama nilivyotakiwa kumjibu Jumanne ile.

"Subiri upoe, mwanangu."

Akasubiri.

Mama yako mdogo